Wifi na Saa ya Angani

Wifi yangu hamwamini mtu. Nasema mapema ili msije mkadhani namsingizia. Ukimsalimia asubuhi anajiuliza unataka nini. Ukipita bila kumsalimia anajua unachoficha. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama alimpa kiti, naye akakitikisa kwanza ndipo akakaa. Kule jikoni mama akaninong'oneza, "Huyu atatunza nyumba." Nikamjibu, "Huyu atatuhesabia vijiko." Wote wawili hatukukosea.

Ndiyo maana kiwanda kilipotaka mtu wa kukaa getini kuangalia wafanyakazi wakigonga kadi kwenye saa ya kuingilia kazini, hakikutafuta mbali. Kiwanda chetu kinatengeneza sufuria. Mimi niko chumba cha kung'arisha, tunakozisugua sufuria mpaka unaweza kuchokoa meno ukijitazama humo. Wifi naye alikuwa humo, tukisimama bega kwa bega, hadi kifua kilipoanza kumsumbua, ndipo akahamishiwa kibanda cha getini. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtu anagonga kadi yake, asimgongee na shoga yake ambaye bado anajigeuza kitandani. Kazi hiyo aliifanya kwa roho moja. Alikuwa akikutazama usoni, akatazama kadi, akakutazama tena, kana kwamba mlizaliwa mapacha na pacha wako ni mwizi.

Kaka yangu alikuwa fundi ujenzi. Alianguka kutoka jukwaani, mgongo ukakataa kazi nzito, na tangu hapo kile kibanda cha getini ndicho kinacholisha nyumba yao na kusomesha watoto. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililotaka kwenda na maji.

Na kuna jambo jingine la kujua kuhusu sisi watu wa sufuria, nalo ni vumbi. Vumbi la alumini ni jepesi, la kijivu, halina haya. Linatoka chumba cha kung'arisha kwa bomba la juu ya paa, halafu linarudi taratibu kutusalimia. Linaingia kwenye chai, kwenye mkate, masikioni. Kwa hiyo tunafunika. Chai inafunikwa, mkate unafunikwa, viatu vya kurudia nyumbani vinafunikwa. Na tunafunikia sufuria, maana ndizo tulizonazo: zile zilizotoka na kasoro, zisizouzika, ambazo wenyewe tunaziita vilema. Kila mfanyakazi ana kilema chake. Ukishakaa pale muda wa kutosha, mkono haukuulizi tena. Ukiona kitu kiko wazi, umeshakifunika. Mume wangu kila jioni anatafuta rimoti ya televisheni chini ya sufuria, na wala haniulizi siku hizi.

Kilema cha wifi kilikuwa kidogo, mdomo umepinda upande mmoja kama wa mtu anayesengenya. Alikipenda kuliko vyombo vyake vya harusi.

Sasa saa. Zamani kila jengo lilikuwa na saa yake na kila saa ilikuwa na maoni yake. Ya ghalani ilikimbia, ya ofisini ilisinzia, ya kwetu ilisimama kukiwa na joto. Ugomvi haukuisha. Meneja akachoka, akaagiza mtambo mpya: saa kuu moja ya elektroniki inakaa getini, nyingine zote zinaifuata yenyewe, na yenyewe inachukua wakati kutoka kwenye setilaiti.

Fundi wa saa akaja kuifunga. Ilibidi antena iwekwe juu ya paa, na ufunguo wa mlango wa paani ulikuwa ukining'inia shingoni mwa wifi. Hakumpa. Alipanda naye, akamsimamia mpaka mwisho. Waliposhuka, fundi akawasha saa, akatuelezea tuliokuwa tumesimama pale getini.

"Huko juu kuna setilaiti zinazunguka, kila moja imebeba saa za atomi. Zinatangaza wakati bila kupumzika. Antena inazisikiliza, saa inajirekebisha. Haikosei hata sehemu ya milioni ya sekunde."

"Nani aliyezihesabu hizo sehemu?" wifi akauliza.

"Wataalamu, mama."

"Wataalamu wa nani?"

Fundi akacheka. Tuna mwenzetu chumba cha kung'arisha tunamwita Redio, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri linakurudia likiwa limenenepa. Naye akadakia, "Kwa hiyo nikichelewa kiasi cha kupepesa jicho itaniona?"

"Kupepesa jicho, kwa saa hii, ni safari ndefu."

Wifi alikuwa ametazama angani. "Na hizo setilaiti, zinatusikia?"

"Hapana, mama. Zinasema tu. Hazisikilizi mtu."

"Kitu kinachosema kutwa bila kusikiliza mtu hata hapa chini tunacho," akasema, akimtazama Redio.

Fundi akaingia ofisini kuzungumza na meneja mambo ya taa na vitufe, kisha akaondoka. Hata hajapotelea kwenye kona, wifi akachukua chai yake akapanda tena paani, peke yake, kuhakikisha mtu yule hakuacha kitu chochote cha ajabu kule juu. Ndivyo alivyo. Akashuka, akasema hakuna kitu, akakaa.

Siku hiyohiyo kilema chake kikapotea.

Mnacheka, lakini sisi hatukucheka. Alipekua kibanda, akapekua stoo, akamsimamisha Redio mlangoni akachungulia kapu lake. Halafu akaja kwangu. Jumapili moja alinitembelea, jambo ambalo halifanyi bila msiba, akasisitiza kunisaidia kuosha vyombo. Aligeuza sufuria zangu moja moja na kuzitazama mdomoni.

"Umeipata?" nikamuuliza kutoka sebuleni.

"Nini?"

"Hiyo uliyokuja kuitafuta."

"Wifi, mtu akikusaidia kazi unasema asante."

Haukupita muda akaanza mambo mapya. Akaniambia ile saa inamkonyeza. Kuna kitaa kidogo pembeni, rangi ya njano, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na kinamtazama yeye tu. Aliamini ni kamera, kwamba meneja amewekewa jicho la kumchunga wakati anakunywa chai. Nikamwambia meneja akitaka kukuona unakunywa chai atafungua dirisha.

Asubuhi moja nilifika mapema, nikamkuta amepanda juu ya kiti, mkono uko kwenye saa. Aliponiona akashuka haraka kama mtu aliyeungua.

"Nafuta vumbi," akasema, nami sijamuuliza.

Mkononi hakuwa na kitambaa. Niliona hilo, nikalimeza, nikaenda zangu kazini. Lakini lilikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Miezi ikapita, na kadi zikaanza kupiga wino mwekundu. Ukichelewa, saa inakupigia nyekundu, na nyekundu zikikusanyika unapata barua ya onyo. Wa kwanza alikuwa Redio, hakuna aliyemwonea huruma. Kisha wa ghalani wawili. Kisha wengi. Kisha mimi, ambaye tangu niingie pale sijawahi kuchelewa hata nilipokuwa na mimba ya mwisho. Nilitoka nyumbani kwa wakati uleule, njia ileile, nikagonga, nyekundu. Nikamtazama wifi. Akaitazama kadi, akanitazama usoni.

"Umechelewa, wifi."

"Sijachelewa."

"Saa imesema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi. Nakaa tu hapa."

Watu wakaanza kunong'ona. Kwamba wifi amenunuliwa. Kwamba anaisukuma saa mbele kidogo kila siku ili watu wapate barua, wapunguzwe, ibaki kazi kwa ndugu wa wakubwa. Wakati wa chai Redio alilitoa hadharani, akinitazama mimi.

"Wengine wanajua ila hawawezi kusema. Mtu hamsemi ndugu yake."

"Si ndugu yangu, ni mke wa kaka yangu," nikamwambia.

"Basi sema."

"Sema wewe, ndiyo kazi yako."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona kile kiti, na mkono, na kitambaa ambacho hakikuwepo.

Siku iliyofuata kundi likaenda kwa meneja. Akaja getini na simu yake, akaiweka kando ya saa. Kila mtu akaona: saa ilikuwa imeitangulia simu kwa dakika kadhaa nzima. Uso wa meneja ukakaza.

"Saa hii haiwezi kukosea," akasema. "Inachukua wakati angani. Ikikosea, si yenyewe iliyokosea. Ni mkono wa mtu."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Anayekaa nayo kutwa ni mmoja.

"Kesho fundi anakuja," meneja akaendelea. "Akikuta imeguswa, aliyeigusa anakwenda nyumbani kesho hiyohiyo. Kuna yeyote aliyemwona mtu akiishika saa hii?"

Niliviangalia viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi. Wifi alinitazama mimi, si meneja, na nilijua anajua nilichokiona.

Jioni nikaenda kwao. Kaka alikuwa amelala chali sakafuni juu ya godoro gumu, ndivyo mgongo wake unavyotaka. Wifi alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Mezani vitu vyote vimefunikwa, mpaka chumvi.

"Umekuja kunichunguza," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kukuuliza."

"Kuna tofauti?"

"Ningekuwa nimekuja kukuchunguza ungenikuta jikoni naosha vyombo."

Kaka akacheka, kisha akashika mgongo na kuomba tusimuue. Wifi akaweka pasi chini.

"Nilikuona juu ya kiti," nikamwambia. "Na hukuwa na kitambaa."

"Kumbe uliniweka moyoni muda wote huo."

"Ningekuweka wapi? Mbele ya meneja?"

Akakaa kitandani. Akanyoosha sketi yake magotini, mara mbili tatu. "Nilibandika plasta," akasema.

"Plasta ya nini?"

"Ya kidonda, kipande kama ukucha. Nilikibandika kile kitaa. Kilinikonyeza tangu siku fundi alipoondoka, asubuhi, mchana, hakichoki. Mimi ni mke wa mtu."

"Mke wangu huyo," kaka akasema kutoka sakafuni. "Nilimwambia angenikonyeza mimi angalau tungezungumza."

"Nyamaza wewe." Akanigeukia. "Nimeziba taa. Saa yenyewe sijaigusa. Sijui hata inaguswa wapi."

"Kwa nini hukusema leo?"

"Niseme nini? Kwamba nilipanda kiti nikaishika, lakini si pale wanapofikiri? Wewe mwenyewe unaniamini?"

Sikujibu haraka, na hiyo ilitosha. Akachukua pasi yake. Nilirudi nyumbani nimemwamini nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa inauliza: kama si yeye, ni nani?

Asubuhi fundi akaja na mfuko wake. Meneja alikuwepo, nami nilijipa ruhusa mwenyewe kuwepo. Kabla fundi hajafungua skrubu hata moja, wifi akaburuta kiti, akapanda, akang'oa plasta mbele ya wote.

"Hii niliiweka mimi," akasema. "Tusije tukaanza na maneno."

Kile kitaa kikaonekana, kikikonyeza njano vilevile kama mtu aliyezibwa mdomo miezi yote na bado anasema lilelile. Meneja akafungua mdomo, lakini fundi alimwahi.

"Hii njano ilianza lini?"

"Tangu ulipoondoka."

"Siku nilipoifunga? Mbona niliiacha kijani?"

"Uliacha kijani. Ukaenda. Ikanikonyeza."

Fundi akamgeukia meneja. "Nilikwambia ikipepesa njano unipigie."

Meneja akakohoa. "Nilidhani nilimwambia."

"Hukuniambia," wifi akasema. "Mimi maneno yangu nayatunza. Hilo silo mojawapo."

Fundi akafungua saa, akachungulia ndani, akaifunga. Akasema haijaguswa. Hakuna aliyeisukuma. Imejisukuma yenyewe.

"Lakini ulisema haikosei," meneja akasema.

"Za angani ndizo zisizokosea. Hii ya hapa ni msikilizaji. Wakati inazisikia, inakwenda nazo sawasawa. Isipozisikia inabaki na kifaa chake kidogo cha ndani, inakisia. Na joto la kibanda hiki linaifanya ikisie kwa haraka, kidogo kila siku. Swali ni nani aliyeiziba masikio."

Tukapanda paani. Wifi mbele na ufunguo wake, fundi, meneja, na mimi nyuma. Mlango ukafunguka, jua likatupiga machoni, bati linawaka. Pale ambapo antena ilipaswa kuwepo, ilikuwepo sufuria. Ndogo, imefudikizwa, mdomo umepinda upande mmoja.

"Kilema changu," wifi akasema.

Alisema kwa furaha kabisa. Alikwenda haraka, akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Nilisema kimeibwa, mkaniona mwendawazimu. Sasa si hiki hapa?" Akanigeukia, jicho limeiva. "Nani aliyekileta huku?"

Upepo ulikuwa unalitoa vumbi kwenye bomba la chumba chetu, linapanda, linageuka, linatushukia kimya kimya. Nilimwona wifi akilitazama. Kisha akashika ufunguo shingoni mwake, ufunguo mmoja tu wa mlango ule. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, jinsi alivyokuwa akizitazama kadi zetu getini.

Nilingoja aseme ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kabisa.

"Nilikuwa na chai," akasema taratibu. "Nilipopanda mara ya pili. Nilimalizia hapahapa. Hicho kidude kilikuwa cheupe, kipya, na vumbi lote hili." Akaugeuza ule mkono. "Ni mimi. Sikumbuki, lakini ni mimi. Hakuna mwingine."

Miaka yote niliyomjua alikuwa hajawahi kumtia mtu hatiani kwa haraka namna ile.

Fundi akainua sufuria. Antena chini yake ilikuwa inang'aa kama jino la mtoto. "Imetunzwa, hilo siwezi kukataa," akasema. "Lakini alumini haipitishi mawimbi. Ungeifunikia beseni la plastiki, mama, wala tusingekuwa hapa."

"Sisi hatutengenezi mabeseni," wifi akamjibu, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Meneja akaashiria tumfuate ofisini. Ngazi zile nilizishuka nikimfikiria kaka yangu pale sakafuni, na zile sare zilizopigwa pasi. Maana meneja alikuwa ameshatamka mbele ya watu: aliyegusa anakwenda nyumbani. Na mtu mkubwa akitamka mbele ya watu, kulirudisha neno ni kazi.

Akakaa nyuma ya meza yake. Akavuta pumzi ya kuanza kusema. Simu ya mezani ikalia, lakini ililia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka kisimani. Meneja akanyoosha mkono, akainua sufuria iliyokuwa juu ya simu, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, kesho, akairudisha simu, akairudisha na sufuria juu yake, akaisawazisha vizuri. Kisha akainua uso ili aendelee.

Tulikuwa tunaitazama ile sufuria, sote watatu.

Naye akaitazama. Aliitazama muda mrefu. Fundi akapata kikohozi akageukia ukutani.

"Nenda getini," meneja akamwambia wifi. "Ufunguo wa paa uniachie mimi."

Akauvua shingoni, akauweka mezani. Sijui kama kuna kitu kilimuuma zaidi siku ile.

Nyekundu zetu zote zikafutwa na hakuna aliyepata barua. Mnadhani watu walifurahi? Redio alisimulia chumba kizima, kisha akamalizia, "Sufuria. Kati ya uongo wote waliokuwa nao, wakachagua sufuria." Na wapo mpaka leo wanaogonga kadi mkono mmoja, mwingine umeshika simu kulinganisha. Nami ni mmoja wao, siwadanganyi.

Mchana ule nilikuwa getini fundi alipokuwa anafunga mfuko wake. Kitaa kilikuwa kijani, kimetulia. Wifi alikuwa amekaa, chai mbele yake, kilema chake juu ya chai.

"Fundi," akamwita. "Zile saa za angani. Zenyewe nani anazirekebisha?"

"Kuna vituo huku ardhini, mama. Wanazifuatilia, wanazilinganisha, ikipotoka kidogo wanaitumia marekebisho."

"Wanazilinganisha kina nani? Watu?"

"Watu na mitambo yao."

"Wamekaa tu mahali."

"Wamekaa mahali, ndiyo."

Wifi akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Si nilisema? Kuna mtu getini." Kisha akamrudia fundi, akainama kidogo, kama anayeuliza habari za jirani.

"Na huko waliko, kuna vumbi?"